Isale Ndani ya Hori

Juzi tumemzika mama yangu. Kwenye turubai, mbele ya watu wote, binamu yangu alisimama na kipaza sauti akasoma historia ya marehemu: alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, asiyejua kukasirika, asiyekuwa na neno na mtu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nimekaa kiti cha mbele, mwanangu ananyonya, nikahisi kama maziwa yanakatika. Mpole nani? Nilitaka kuinuka nikampokonye kile kipaza sauti, ila mtoto alikuwa ameng'ang'ania titi, na shangazi alishanibana goti kwa mkono wake, maana ananijua.

Watu walipotawanyika nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye banda. Harufu ikanipokea kabla sijafika: pumba iliyoloa, shina la mgomba lililokatwakatwa, mkojo wa ng'ombe, na ule utamu wa uchachu unaobaki kwenye mti uliolambwa miaka na miaka. Nikasimama pale nikalia vizuri, sio kile kilio cha turubaini. Halafu hasira ikarudi. Nyie wa rika langu mliokuwa mnafuta macho pale, mliokulia jirani naye mkamwita Mama Aika, mkala ndizi zake na kunywa mtindi wake, mnamfutaje mtu wa namna ile mkaweka badala yake mtu mwingine asiyekuwepo? Nawaandikia nyie.

Hori letu lilikuwa gogo moja la mringaringa, refu kuliko mtu mzima aliyelala, limechongwa katikati kwa tezo. Halikuanza kama la ng'ombe. Bibi mzaa baba alikuwa analitumia kukandia ndizi mbivu za mbege, zamani, kabla sijazaliwa. Alipookoka akaacha pombe, hori likahamia kwa mbuzi, halafu kwa ng'ombe, na katikati hapo liliwahi kukingia maji ya mvua chini ya bati, na mimi mwenyewe nimeogeshwa humo. Mdomoni lilikuwa laini kama sabuni kwa ajili ya ndimi. Upande mmoja lilikuwa na ufa, na mama aliuziba kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu kila ulipofunguka.

Mimi niliamini ndama huzaliwa humo. Msicheke. Kanisani kila Krismasi tulifundishwa kuwa mtoto Yesu alilazwa kwenye hori, na sisi tulikuwa na hori, na ng'ombe wetu alikuwa na mimba. Kichwa cha mtoto kikaunganisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilichungulia humo kuona kama ameshafika.

Ng'ombe mwenyewe tulimwita Sikukuu, kwa sababu aliletwa wakati wa Krismasi, ndugu wote wakiwa wamepanda kutoka Dar na Arusha. Aliletwa na baba mkubwa, kaka yake baba. Hakutupa bure. Ni ule utaratibu wetu wa huku mlimani: mtu mwenye ng'ombe wengi anamweka mmoja kwa mwenzake amtunze. Anayetunza anapata maziwa na mbolea, na ndama wanagawanwa. Makubaliano yalisemwa hadharani, huku kibuyu cha mbege kikizunguka: ndama wa kwanza wa baba mkubwa, wa pili wa mama. Wa kwanza alizaliwa, akaachishwa kunyonya, akaondoka. Huyu wa tumboni alikuwa wa mama.

Hebu nieleze ilikuwa na maana gani. Baba yangu alikuwa "kazini Arusha." Ndivyo tulivyosema, na mimi nilidhani Arusha ni mahali ambapo watu wakiingia hawaruhusiwi kutoka. Ukweli ni kwamba alikuwa na mwanamke huko na watoto. Mama alikuwa amebaki kwenye kihamba cha ukoo wa mume asiyekuwepo: migomba si yake, kahawa si yake, nyumba si yake, hata mimi nilihesabiwa ni wa ukoo. Ndama yule ndiye angekuwa kitu cha kwanza chini ya mlima huu ambacho mtu hawezi kumwambia weka chini.

Basi alimlisha yule ng'ombe mpaka mimi nikamchukia. Kiangazi kile kilikuwa kikali. Mama alishuka tambarare kutafuta majani, anarudi jua limeshapinda, mzigo kichwani umemfunika mpaka mabegani, huoni uso, unaona majani yanatembea. Maganda ya ndizi ya ng'ombe. Maji ya kuoshea sufuria ya ng'ombe. Makoko ya makande, ambayo mimi niliyapenda kuliko makande yenyewe, yalikwanguliwa yakatiwa magadi yakapelekwa kwenye hori. Siku moja nilimuuliza, "Mama, unampenda Sikukuu kuliko mimi?" Akanijibu bila kugeuka, "Wewe hutoi maziwa. Kalete pumba."

Baba mkubwa alikuwa na desturi ya kuja ghafla. Mwenye ng'ombe ana haki hiyo. Akifika hasalimii kwanza, anapita moja kwa moja mpaka bandani, anaingiza mkono ndani ya hori. Akikuta kuna chakula, au hata unyevu wa chakula, anarudi mbele kunywa chai. Akikuta sakafu ya hori imekauka, ni aibu yako, na akitaka ana uwezo wa kumchukua ng'ombe wake siku hiyo hiyo, na mimba yake. Mimi nilidhani anamsalimia ng'ombe kwa kushika sahani yake. Nilimwona mtu mwema.

Mvua za kwanza zilipoanguka, alikuja Jumapili baada ya ibada, na suti yake ya kahawia, suruali ameikunja juu kukwepa matope. Nikamwamkia, "Shikamoo baba mkubwa." Akaitikia "Marahaba" huku akipita. Akaingiza mkono. Ukatoka na majimaji ya pumba. Nikaona uso wake haukufurahi, nikashangaa: mtu mwema anakuta chakula halafu hafurahi?

"Mama Aika," akaita. "Huyu ng'ombe amekonda."

"Kiangazi kimekonda, shemeji. Yeye ameshika hapohapo."

"Mbavu zinahesabika."

"Ndama ndiye anayekula sasa. Tumbo unaliona."

Baba mkubwa hakuwa mtu wa kujibiwa. Akapiga mluzi, kijana wake akashusha njiani mkokoteni uliojaa maharage mabichi, yameng'olewa na mizizi, yametota mvua, shamba lake la kumwagilia lilikuwa limesombwa na maji. Akasema leo atatuonyesha ng'ombe analishwaje. Mama akasimama mlangoni mwa banda, mikono imeziba njia.

"Shemeji, hayo hapana. Yamelowa, na ana njaa ya majani mabichi muda mrefu. Atavimba. Mpe kidogo, mengine tuyaanike."

"Unanifundisha ng'ombe wangu?"

"Sikufundishi. Nakuomba."

"Toka mlangoni. Mume amekushinda kumtunza, utaweza kutunza ng'ombe?"

Ng'ambo ya uzio wa masale, yale majani marefu ya mipakani, jirani yetu Mama Ndesi, ambaye hakuwahi kuacha neno lianguke chini bila kuliokota, akasema kwa sauti, "Ee, Jumapili ya leo kuna mahubiri mawili!" Baba mkubwa hakucheka. Alimsukuma mama kwa bega, akamwaga maharage yote, hori likafurika mpaka yakaanguka nje. Sikukuu akala kama anakimbizwa.

Hatukumaliza chai. Tulisikia anakoroma. Tulipofika alikuwa ametanua miguu, shingo ameinyoosha, ulimi nje, na ubavu wa kushoto umepanda juu ya mgongo kama mtu aliyebeba ngoma chini ya ngozi. Mama alipougonga kwa kiganja ukalia kweli kama ngoma. Akamwekea kijiti mdomoni, akamsugua tumbo, akamwinua kichwa kielekee mlimani. Ng'ombe akapiga magoti.

"Ngoja nimpigie bwana mifugo," baba mkubwa akasema, na simu haikushika mtandao pale bondeni kwetu, akapanda kilima mbio na ile suti, simu ameinyanyua juu.

Sasa nieleweni vizuri. Huku kwetu mwanamke hatii kisu ng'ombe. Kuchinja, kupasua, kugawa, ni kwa wanaume, kila kipande kina mwenyewe, na mwanamke anasubiri kupewa chake. Na wanaume Jumapili saa ile wako kilabuni. Mama Ndesi akaita mara mbili kuelekea njiani, hakuna aliyejibu. Mama alimtazama Sikukuu, akatazama kilima, baba mkubwa bado anazunguka na simu yake. Akaniambia, "Nenda ndani." Sikwenda. Akachukua kisu cha kumenyea ndizi, akaweka mkono pale panapobonyea kati ya mbavu na nyonga, pasipobonyea tena, akasema kitu kwa Kichagga ambacho sikuwahi kumsikia akikisema kanisani, akachoma.

Hewa ilitoka na mlio, na harufu, Mungu wangu, na povu la kijani likamrukia usoni. Hakujifuta. "Mpapai!" akapiga kelele. Mama Ndesi akapenya kwenye uzio na jani la mpapai, mama akakata kikonyo chake kilicho wazi katikati, akakichomeka kwenye jeraha ili hewa iendelee kutoka. Wakakaa hivyo wanawake wawili, mmoja ameshika kikonyo, mwingine ameshika pembe, mpaka ule ubavu ukaanza kushuka. Sikukuu akacheua. Ndio mara ya kwanza na ya mwisho niliona mtu mzima analia kwa sababu ng'ombe amecheua.

Baba mkubwa akarudi akakuta damu kwenye kisu.

"Umemchoma ng'ombe wangu?"

"Nimemchoma wako," mama akasema, povu linamtiririka shingoni. "Wangu yumo ndani."

Bwana mifugo alikuja kesho yake akashona. Akasema ng'ombe yuko salama na ndama yuko salama. Mngedhani imeishia hapo. Lakini baba mkubwa aliitisha kikao cha ukoo, akasimama akasema mwanamke ameinua kisu juu ya ng'ombe wa ukoo, mwanamke ambaye mume hayupo, na leo ni ng'ombe, kesho ni nani? Maharage hayakutajwa. Mama hakuitwa kikaoni. Wiki haikuisha wakaja na kamba. Sikukuu alikataa kutoka, akageuza shingo kwenye hori, wakamvuta, na mimi nilining'inia kwenye mkia wake nikiwa nimesahau kabisa kuwa namchukia, mpaka kijana wa baba mkubwa akanibandua kidole kimoja kimoja.

Walipopotea kwenye kona mama aliteka maji akaosha lile hori, ndani na nje, akaziba ufa upya, akaliacha wazi. Kila asubuhi alilifagia. Nikadhani amechanganyikiwa. Chai ikawa ya rangi. Shuleni wenzangu waliniita "mtoto wa mchinjaji," na nilipigana, na sijuti.

Ndama akazaliwa kwa baba mkubwa. Habari ililetwa na Mama Ndesi, ameegemea uzio. "Mtamba, mama, jike kabisa. Mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji. Mzuri kama bibi harusi." Mama alikuwa anapepeta. Akaendelea kupepeta. Ila nyumbani kukawa hakupumuliki, sufuria zinawekwa chini kwa kishindo, mimi natembea kwa kunyata.

Kisha, ndama akiwa ameshaanza kula mwenyewe, ikatokea kwamba usharika wetu ulikuwa unachagua wazee wa kanisa, na baba mkubwa alitaka uzee ule kama mtoto anavyotaka maandazi. Mwinjilisti akamwambia waziwazi: mtu mwenye ugomvi na mke wa ndugu yake hasimami kupokea sadaka za watu. Kapatane kwanza.

Basi akaja. Safari hii alipita mbele, akasalimia, akavua kofia. Amekuja na wazee wawili wa ukoo, na mkononi amebeba jani la isale, amelifunga fundo. Wasiotoka huku hawajui, ila nyie mnajua. Isale likishaletwa, yamekwisha. Mtu anaweza kuwa amekuchomea nyumba. Akikujia na isale, unapokea na unasamehe, na asiyepokea ukoo mzima unamwona kama mnyama. Watu walikuwa wamejaa njiani. Hata wanaume wa kilabuni walikuja, vikombe mkononi.

"Mama Aika," baba mkubwa akasema, "tulikoseana. Nimeleta isale." Kuhusu ndama, kimya.

Mama akafuta mikono kwenye kanga. Akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama inavyotakiwa. Nikasikia watu wanashusha pumzi. Mzee mmoja akaanza kusema "Mungu ni mw—" na mama akainuka, akageuka, akaenda nyuma ya nyumba. Wote wakamfuata bila kualikwa. Akafika bandani akaliweka lile jani ndani ya hori, katikati, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Mimi nikajua ni maombi. Nikafumba macho.

"We mwanamke!" Sauti ya baba mkubwa ilipasuka. "Isale unaliweka kwenye hori la ng'ombe?"

"Ng'ombe yupi, shemeji?"

Mama Ndesi alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatetemeka.

"Nimelipokea," mama akasema. "Sijalikataa, wote mmeona. Nimeliweka mahali pake. Siku hori hili likipata mlaji nitalitoa humo, na tutakuwa tumesameheana. Kamwambieni hivyo mwinjilisti."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za kuondokewa na ng'ombe. Wazee walikuja mmoja mmoja. Shangazi alikuja akalia. Waliambiana barabarani kuwa mama ana roho ya jiwe, kwamba ndiyo maana hata mume alimkimbia. Jumapili alikaa benchi lake na watu wakamwachia nafasi pembeni, kama mwenye ugonjwa. Na mimi niliogopa sana, kwa sababu nilikuwa mtoto wa shule ya Jumapili na nilijua samehe saba mara sabini, na kila nikichungulia kwenye hori naliona lile jani linakunjamana, nikaamini kuwa likikauka kabisa mama ataenda motoni. Nilianza kulinyunyizia maji kwa siri. Mama akanikuta.

"Unafanya nini?"

"Lisikauke. Ukichelewa kusamehe utachomwa."

Alichuchumaa. Nilitegemea kofi. Akaniambia polepole, kwa hasira ambayo haikuwa juu yangu, "Sikiliza. Mtu akichukua kitu chako akakupa jani, bado ana kitu chako. Umeelewa?" Sikuelewa. Nikaitikia ndiyo. Akaniacha niendelee kulinyunyizia.

Siku mbili kabla ya uchaguzi baba mkubwa alimtuma kijana wake na ndama kwenye kamba. Mwekundu. Watu wakaja tena. Mama hakusogea haraka. Alizunguka nyuma ya ndama, akainua mkia, akatazama, akautua. Wakati huo baba mkubwa mwenyewe alikuwa amesimama njiani, mbali kidogo, anajifanya anaangalia kahawa.

"Shemeji!" mama akaita, kijiji kizima kikasikia. "Mimi nimezaa. Dume na jike nawajua. Na huyu hana baka."

Kicheko kilitokea upande wa wanaume, ndicho kilichommaliza. Wale wale waliokaa kikaoni. Mmoja akasema, "Mzee wetu wa kanisa haoni vizuri, mleteeni miwani!" Baba mkubwa akaondoka bila kofia, ilianguka kwenye tope akaiacha.

Alirudi siku hiyo hiyo, jua likiwa linaelekea kuzama, kamba mkononi mwake mwenyewe, hakuja na mzee wala kijana. Mtamba alikuwa anamfuata nyuma anagoma kila hatua, baka jeupe kwenye paji. Alimwingiza bandani mwenyewe. Mama alikuwa ameshaweka ndoo ya pumba tayari. Sijui aliiandaa saa ngapi. Akachukua lile jani, rangi yote imeshatoka, akalipangusa maji yangu, akalichomeka kwenye fundo la kanga yake kiunoni. Kisha akamimina pumba, na ndama, bila kumwogopa mtu, akatumbukiza pua.

Baba mkubwa alisimama, mikono hajui aiweke wapi.

"Sasa yamekwisha, shemeji," mama akasema. "Karibu ndani. Chai ni ya rangi."